Bawabu wa Pete Nne

Nilimwambia alete makohozi ya alfajiri,
ya kutoka chini kifuani, si mate.
Akaja saa moja kasoro, kikopo kimefungwa ndani ya kanga,
kucha zake rangi ya chungwa:
miaka kumi na minane ya kukamua mawese kule Mwandiga.

Nikapaka kiooni. Nikamwaga nyekundu, nikapasha moto
mpaka mvuke ukafuka. Nikaosha kwa asidi, nikafunika kwa buluu.
Kila kitu kilikubali kuoshwa isipokuwa wao.
Wamejivika nta, na nta haikuachia.
Vijiti vitatu, vinne, vyekundu,
kama kuni zilizosahaulika uwanjani.
Nikaandika *chanya*. Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Mama Butoyi akauliza: "Humo ndani wanakula nini?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa dirishani.
Watu huuliza, nitakufa?
Huuliza, nani kaniambukiza, na je, majirani watajua?
Yeye amelisha wageni maisha yake yote, anafahamu
kwamba mgeni akimaliza mwezi
lazima ameshaliona jiko.

Wanakula mafuta, nikamwambia.
Akatazama kucha zake.
"Basi niache mawese."

Hapana, mama. Mchikichi hauna kesi hapa.
Mafuta wanayoyataka hayauzwi kwa chupa,
yamo kwenye kuta za seli zako mwenyewe:
kolesteroli, pete nne zilizoshikana, na kamkia.
Seli ya ulinzi humeza mdudu ili imuue;
mdudu hukaa tumboni mwa mlinzi
akaanza kumbandua ukuta, kipande kwa kipande.

Wala hali ovyo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia, adui huyu.
Juu ya uzi wake wa vinasaba ameketi bawabu,
protini moja, imezikalia jeni za kuvunja mafuta
kama mtu aliyekalia funguo.
Pasipo mafuta, hainuki.
Jeni kimya, mikasi haijafuliwa,
maana kufua mkasi pasipo kitambaa ni hasara,
na mdudu huyu ni bahili.
Mpaka liingie pande la mafuta, limeshaanza kutafunwa,
limguse bawabu ubavuni.
Hapo anajikunja.
Umbo linambadilika, anaachia,
na jeni zote zinasema kwa mpigo mmoja.
Pete inakatika. Na nyingine.
Kuna bawabu wa pili, nimesoma, wa pete za mwisho,
naye ana zamu yake ya kuinuka.
Chakula kikiisha, kila mmoja anarudi kitini.

"Kumbe wana utaratibu," akasema,
"kuwazidi mashemeji zangu."
Tukacheka. Akakohoa. Nikavuta barakoa, nikageuza uso,
nikaona haya kwamba nimegeuza uso.

Siku ya pili ya dawa alirudi mbio, ananong'ona:
"Mwalimu, nakojoa mawese!"
Mimi si mwalimu. Lakini sikumsahihisha.
Ni kidonge tu, nikasema, kinapita kikiacha rangi yake.

Mwezi wa pili kioo kilikuwa buluu tupu.
Nilitafuta uwanja mia, kisha mia nyingine, mpaka shingo ikaniuma.
"Nimepona," akasema.
Umepata nafuu, mama. Nafuu ni nafuu.
Wapo wachache waliolala mahali hadubini yangu haifiki,
hawakui, hawagawanyiki,
wanatafuna mafuta kidogo kidogo gizani.
Miezi minne zaidi.
Alinyamaza muda mrefu, akihesabu, nadhani, misimu ya ngazi.
Kisha akanywa vidonge mbele yangu, bila maji.

Aliniachia chupa ya mawese. Ipo juu ya kabati la vitendanishi,
mahali isiporuhusiwa.
Asubuhi za Juni, upepo wa ziwa ukipanda huku Ujiji, huganda nusu:
juu nyekundu ing'aayo, chini uji mzito usiotikisika.
Naitazama kabla sijawasha taa.
Inaonekana imelala.
Inangoja joto kidogo tu.